Niliiacha sawa, nimeikuta inaning'inia: matatizo ya kufunga boti Lamu na namna ya kuyatatua

Malalamiko ninayoyasikia pale gatini Amu, yaani mji wa Lamu, hayazidi manane. Yanajirudia mwaka mzima, na mengi chimbuko lake ni moja: mtu kapima kamba kwa maji aliyoyaona alipokuwa akifunga. Kamba hupimwa kwa maji yanayokuja. Kwa hiyo kabla hatujagusa dalili yoyote, ishike kwanza hesabu ya bahari yetu.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka, na siku mbili tatu baada yake, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa alfajiri na alasiri, hupwa saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana na saa hugeuka. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Tena maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kupwa, saa ya tatu na ya nne peke yake huondoka na nusu ya maji yote. Ukienda kunywa kahawa wakati huo, ukirudi mambo yamekwisha.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo niionayo mara nyingi. Anza na hiyo hata kama unaamini yako ni ya mwisho.

"Asubuhi nimeikuta inaelea, lakini mashine imelowa na vitu vimemwagika"

Wengi huishtaki mvua, au watoto wanaorukia majini kutoka gatini. Tazama saa kwanza. Umerudi saa kumi alasiri siku ya bamvua, maji juu, boti iko karibu sawa na ukingo wa gati. Umefunga omo, yaani mbele ya boti, kwa kamba ya pima moja (karibu mita 2), tena kwa fundo zuri la kupigiwa mfano. Saa nne usiku maji yameshuka mita 3. Boti imening'inia kwa omo, tezi, yaani nyuma yake, imekita chini, mashine imezama mpaka kifunikoni. Saa kumi na moja alfajiri maji yamejaa tena, boti imeelea, na wewe ukija kumepambazuka hukuti ushahidi ila dumu lililopinduka.

Mimi ilinichukua mara mbili kuelewa. Ya kwanza nilimgombeza mpwa wangu bure, nikidai hakukaza kizibo. Ya pili niliinama kwenye ukingo wa saruji nikaona mstari mmoja wa rangi ya kijani, rangi ya boti yangu, umeshuka wima kama mtu aliyepitisha brashi. Chini ya mstari, vipande vya faiba vyembamba kama kucha. Nikanyamaza. Mpwa wangu nilimnunulia mkate wa mofa bila kumweleza sababu.

Sababu, kwa mpangilio:

1. Kamba ni fupi. Hii ndiyo tisa kwa kumi.
2. Kamba ni ndefu lakini imenasa njiani: kwenye bolti iliyochomoza, chini ya tairi la gati, au kwenye chaza walioota nguzoni.
3. Jirani amefungua kamba yako ili atoe boti yake, akaifunga tena kwa kipimo chake. Hana nia mbaya, ana haraka.

Ukaguzi mwepesi: maji yakiwa juu, pitisha mkono kwenye kamba yote kutoka botini hadi nguzoni. Iko huru? Ina chaza? Kisha rudi siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa, utazame ukuta wa gati. Tia alama pale maji yanapokomea kushuka. Boti yako itakaa hapo, na kamba lazima ifike hapo.

Tiba si kuiachia kamba nyingi mpaka boti izurure. Ipeleke mbali. Usifunge omo kwenye nguzo iliyo mbele ya pua yako, funga kwenye nguzo iliyo mita 10 mbele, na tezi kwenye nguzo iliyo mita 10 nyuma. Kamba ya mita 10 iliyolala sambamba na gati, boti ikishuka mita 3 na nusu, inahitaji sentimita 60 tu za ziada. Kamba ya mita 2 kwa mshuko ule ule haiwezekani kabisa, itanyanyua boti. Waulize wazee wa mashua kwa nini kamba zao hupita mbele ya boti tatu za watu wengine. Si ubabe, ni hesabu.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mtu amefika maji yamekupwa, akafunga chini ya nguzo, kwa kamba fupi. Maji yakijaa, omo inavutwa chini na maji yanaingia kwa mbele. Ukiikuta hali hii, usihangaike na fundo, halifunguki. Kata kamba kwa kisu kirefu ukiwa umesimama gatini, kando, si kwenye mstari wa kamba.

Simama hapa. Boti ikiwa imening'inia, usiingie ndani yake na usipite chini yake. Kamba iliyobeba uzito wa boti ikikatika hurudi kama mjeledi. Ikiwa maji yanajaa na boti haijapasuka, subiri. Ikiwa haiwezekani kusubiri, kwanza funga kamba ya pili, ndefu na imara, iukamate uzito, ndipo uikate ya kwanza. Na mashine iliyozama maji ya chumvi usiiwashe "kuijaribu". Isuuze kwa maji matamu, usiguse swichi, mwite fundi siku ile ile. Kila siku unayongoja, chumvi inakula ndani.

"Nilitia nanga Shela, nimeikuta Manda"

Nanga inaburura. Kabla ya kuilaumu nanga, hakikisha kweli inaburura, kwa sababu boti iliyotia nanga huzunguka, na kuzunguka si kuburura. Chagua alama mbili pwani zilizo kwenye mstari mmoja, ya mbele na ya nyuma: mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela na mnazi ulio mbele yake, kwa mfano. Chagua na jozi nyingine upande wa pili. Baada ya nusu saa, alama zikiwa zimeachana na haziungani tena boti inapozunguka, unaondoka. Njia ya pili ni kushika kamba omoni kwa vidole. Nanga iliyoshika huvuta kwa utulivu. Inayoburura inatetemeka, unaihisi ikikwaruza na kurukaruka.

Sababu ya kwanza, tena, ni kamba. Umetia nanga maji yamekupwa, chini ni mita 2. Ongeza nusu mita ya kimo cha omo, zidisha kwa tano, unapata mita 12 na nusu, kama pima 7. Ukaridhika. Maji yamejaa, sasa chini ni mita 5. Omo iko mita 5 na nusu juu ya nanga, na kamba yako ni mara mbili na ushei tu ya kimo hicho. Kamba iliyosimama namna hiyo inaing'oa nanga, kwa sababu nanga hushika inapovutwa kwa ulalo. Kwa maji ya kujaa ulihitaji mita 28, pima 15 na kidogo. Toa 16. Upepo wa kusi ukichachamaa mwezi wa Juni au Julai, zidisha kwa saba badala ya tano.

Sababu ya pili ni kukosa mnyororo. Mita 3 hadi 5 za mnyororo kati ya nanga na amari (kamba ya nanga) hulaza shingo ya nanga chini na huzuia mwamba kuisaga kamba. Watu hubana hapa kwa ajili ya bei, kisha wananunua nanga mpya kila mwaka.

Ya tatu ni nanga isiyolingana na chini. Ile ya kono nne tunayoipenda hunasa vizuri mwambani, lakini kwenye mchanga hulima tu kama jembe la mtoto. Mchangani na topeni inatakiwa nanga ya makono mawili bapa yanayochimba. Na usitupe nanga juu ya matumbawe. Inavunja makazi ya samaki tunaowala, halafu inanasa isitoke. Ukiwa upande wa Kiwayu na hifadhi ya bahari ya Kiunga, tafuta mchanga.

Ya nne ndiyo ya hapa kwetu hasa. Maji yakitoka mkondoni kuelekea Shela huku kusi ikivuma kutoka nje, mkondo unasukuma huku, upepo unasukuma kule. Boti nyepesi ya faiba hufuata upepo, ikatembea juu ya kamba yake yenyewe, kamba ikazunguka kono la nanga, na maji yakigeuka nanga inavutwa kwa mgongo. Mashua yenye mkuku mrefu (ubao wa uti wa chini) pembeni yako inafuata mkondo, kwa hiyo hamzunguki pamoja na mtagongana hata kama nanga zote mbili zimeshika. Tia nanga karibu na vyombo vya aina yako. Maji yakigeuka, kuwe na mtu wa kutazama.

Tiba ya papo hapo: ongeza kamba kwanza. Nusu ya kesi huishia hapo. Isiposhika, ing'oe, isafishe mwani, tia upya ukirudi nyuma polepole mpaka ikaze. Kabla ya kuitupa, funga kamba nyembamba kwenye kitako chake, yenye chilezo (kiboya cha kuelea) juu. Nanga ikinasa, unaivuta kwa nyuma.

Simama hapa. Nanga iliyonasa usiizamie peke yako wakati mkondo unakwenda, hata kama umezaliwa Shela. Subiri maji yasimame, au mwite mpiga mbizi. Na boti inayoburura kuelekea mwamba usiku, mashine haiwaki: vaeni majaketi ya kuokolea, ita boti za jirani na walinzi wa pwani mapema. Usiwaite mwamba ukiwa tayari unasikika.

"Inagonga gati usiku kucha"

Mara nyingi haina dafrao, yaani vikinga ubavu, au inazo lakini zimening'inia mahali pasipogusa. Tairi kuukuu linatosha, livalishe gunia lisipake rangi nyeusi. Dafrao hufungwa kwenye boti. Ukizifunga gatini, maji yakishuka zitabaki juu zikipunga mkono.

Ikiwa dafrao zipo na bado inagonga, boti inakwenda mbele na nyuma. Kamba mbili za omo na tezi haziwezi kuzuia hilo. Ongeza mbili za mshazari: moja kutoka omoni kurudi nyuma gatini, nyingine kutoka tezini kwenda mbele. Zinapishana kama mkasi.

Kisha kuna mawimbi ya boti za kasi za kwenda Mokowe, na hayo hayana tiba ya kamba. Hamisha boti. Usiweke mguu wala mkono kati ya boti na saruji ili kuikinga. Boti yenye tani moja haijui kwamba ule ni mguu.

"Kamba imekatika na ni mpya"

Tazama ncha. Nyuzi zikiwa zimechakaa na kufumuka mahali pamoja, kamba imesagwa kwenye ukingo. Pasua kipande cha mpira wa maji wa bustani, kivishe pale inapogusa saruji, kifunge kisiteleze. Huo ndio ukarabati wa bei rahisi kuliko wote katika makala hii, na ndio unaopuuzwa kuliko wote.

Kamba ikiwa imepauka na ukiipinda inatoa unga, jua limeimaliza. Hili huwapata hasa wenye manila ya buluu, ile kamba ya plastiki. Manila ni nyepesi, rahisi, na huelea, ndiyo maana huingia kwenye propela za watu. Kwa kuvutia mtego sawa. Kwa kulaza boti usiku wa kusi, tumia nailoni, kwa sababu hunyumbuka na kumeza mshtuko. Unene wa milimita 12 unafaa boti nyingi ndogo za hapa.

Ikiwa kamba ni nzima lakini kigingi cha botini kimeng'oka na bolti zake, tatizo ni ubao au faiba chini yake. Usihamishie kamba kwenye benchi. Mpelekee fundi. Kwa chombo cha mbao, Matondoni wamekuwa wakiunda mashua tangu zamani na watakuonyesha ubao ulioliwa na wadudu kwa kugonga tu kwa vidole.

"Fundo limejifungua lenyewe" na ndugu yake "fundo halifunguki"

Yote mawili ni fundo lisilo la mahali pake. Kamba iliyozungushwa nguzoni mara mbili kwa kupishana, bila kumalizia, hulegea boti inapovuta na kuachia usiku kucha. Zungusha nguzo mara mbili kamili, kisha malizia kwa nusu-fundo mbili juu ya kamba yenyewe, acha mkia wa shubiri mbili. Hiyo hufunguka hata ikiwa imekaza, kwa sababu mizunguko ndiyo inayobeba uzito.

Kwenye pete tumia fundo la kitanzi kisichokaza. Kwa wanaojifunza: tengeneza jicho dogo kwenye kamba, pitisha ncha petini kisha kutoka chini ya jicho, izungushe nyuma ya kamba kuu, irudishe jichoni ilikotoka. Ukivuta, kitanzi kinabaki na ukubwa wake. Kabla ya kuliamini, livute kwa mguu.

Fundo lililogoma usilipige nyundo. Livunje mgongo: sukuma ule mkunjo wa juu kurudi nyuma mpaka lilegee.

"Imejaa maji na haikutoka"

Tenga maji ya mvua na ya bahari kwa kuonja. Ni kweli, onja, ila harufu ya petroli ikiwepo usionje.

Maji matamu ni mvua, na masika haihitaji tundu. Mvua ya milimita 50 juu ya boti yenye eneo la mita 8 za mraba ni lita 400, madumu 20 ya lita 20, kilo 400 umezipakia ukiwa umelala. Tezi nzito kwa mashine inashuka, wimbi la kwanza linaingia. Funika kwa turubai lililoinuliwa katikati, na Aprili na Mei mpe mtu kazi ya kufua maji kila asubuhi.

Maji ya chumvi: angalia kizibo kwanza, kisha bomba la pampu, kisha misumari na kalafati (pamba inayoziba nafasi za mbao). Chombo cha mbao kilichokaa juani ufuoni siku nyingi kitavuja siku ya kwanza majini mpaka mbao zivimbe. Hiyo si hitilafu. Ikiendelea hadi siku ya tatu, ni hitilafu.

Simama hapa. Ukisikia harufu ya petroli ngamani, yaani chini ndani ya boti, usiwashe pampu ya umeme, usivute sigara, usiwashe mashine. Fua kwa upo au kopo la plastiki, acha upepo upite. Na maji yakiingia kwa kasi kuliko unavyofua, ipandishe ufuoni palipo na mchanga, tena upesi, kisha utafute fundi.

"Imepwelewa"

Maji yamekupwa yakaiacha imekaa chini. Topeni, isiyoegemea kitu: iache. Tia nanga upande wa maji ya kina, keti, subiri. Usitumie mashine, inameza tope na kuziba njia ya maji ya kupozea. Ikiwa imepwelewa wakati wa kilele cha bamvua, fanya haraka kuipunguza uzito, kwa sababu maji ya kesho kutwa yatakuwa madogo kuliko ya leo na unaweza kungoja wiki mbili. Mwambani, tia magunia ya mchanga au matairi chini ya ubavu kabla haijalala. Ikishalala, usiisimamishe kwa watu wanne. Wamevunjika mbavu watu, na boti pia.

"Boya langu halishiki"

Hili halionekani kwa juu. Mnyororo wa chini huliwa pale unapokokota mchangani, na zile pingili mbili tatu hubaki nyembamba kama msumari huku zilizo karibu na boya zikipendeza. Mpe mpiga mbizi kazi ya kuutazama kabla kusi haijaanza na tena kabla ya kaskazi, wakati maji yamesimama. Mwambie asikuletee maneno matupu, akuletee kipimo cha unene wa pingili ya chini. Iliyopungua theluthi ya unene wake, badili mnyororo. Angalia pia kifungo cha skrubu kinachounga mnyororo na boya: kama skrubu haikufungwa kwa waya, siku moja itajizungusha yenyewe na boti itaondoka na boya lake.

Na ukiazimwa boya la mtu, muulize uzito wa jiwe lililo chini. Akijibu "kubwa tu", lala na nanga yako.